Wewe Osha Uso, Mimi Nitaosha Mgongo

Jambo hili lote lilitugharimu mabeseni manane ya plastiki, vikombe kumi na kimoja, shuka zisizopungua ishirini zilizolowa uji, kiti kimoja kizima tulichokitoboa kwa makusudi, na amani ya wodi kwa muda wa mvua mbili. Nimehesabu mara mbili, kama ilivyo desturi yangu, na mara zote mbili nimeiacha miguu ya Mzee Bukuru nje ya orodha, kwa sababu sijui niiweke upande gani. Nitaieleza mahali pake.

Nawaandikia ninyi mliobaki zamu. Siku ya kuniaga mliniomba niandike kitu juu ya kazi, nikasema nitaandika, na ninyi mkadhani ni maneno ya mtu anayesubiri keki. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Waliopanda wanazijua, na waliobaki chini wanazijua zaidi.

Mimi ni mzaliwa wa Kidahwe. Mama yangu aliuza mawese kando ya barabara ya Kasulu, na kazi yangu ya kwanza duniani ilikuwa kusimama nyuma yake na kuhesabu chupa mara mbili: gari linaposimama, na gari linapoondoka. Alinifundisha pia kwamba bei ya kwanza si bei, ni salamu. Nilipomaliza chuo cha uuguzi nikapangiwa Kigoma mjini, wodi ya magonjwa ya ndani, nilidhani elimu ile nimeiacha barabarani pamoja na vumbi. Ilikaa ndani yangu miaka mingi ikinisubiri nipate akili ya kuitumia.

Siku yangu ya kwanza mkuu wa wodi alikuwa Sista Klementina, mwanamke mfupi ambaye viatu vyake vilisikika kabla hajaonekana. Alitupanga mstari kama watoto wa shule akagawa kazi bila kutazama daftari. Wewe sindano. Wewe vidonda. Wewe joto na presha. Wewe chakula na dawa za kumeza. Alipofika kwangu alinitazama viatu, akasema, "Wewe mpya, beseni."

Beseni maana yake kuogesha wote wasiojiweza, upande wa wanaume asubuhi hiyo. Wasiojiweza walikuwa wanne. Niliowaogesha walikuwa kumi na mmoja, kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba mtu akiwa mzee na amelala kitandani si lazima awe hajiwezi. Mchana Sista Klementina akapita, akainua mashuka, akanusa, akasema safi. Wiki iliyofuata nilifikisha kumi na wanne kabla ya chai ya saa nne. Nikawa na jina.

Nisimseme vibaya yule mama, maana alinifundisha nusu ya ninachokijua. Alinifundisha kupima maji kwa kiwiko, si kwa vidole, kwa kuwa vidole vya mfanyakazi ni waongo. Alinifundisha kufunika kila kiungo ambacho sikioshi kwa wakati huo. Na alinifundisha kumsalimu mzee kabla ya kumgusa, tena kumsalimu sawasawa. Sisi Waha tunasalimiana kwa kupiga makofi polepole, mwakeye, mwakeye, habari za nyumbani, habari za ng'ombe hata kama ng'ombe hawapo. "Ukimsalimu mtazame mikono," aliniambia. "Anayepiga kofi moja limelegea, mkono huo una habari." Kipimo hicho sijakiona kwenye kitabu chochote, na kimenisaidia kuliko vitabu vingi.

Lakini tulikuwa tunafanya kazi kwa kugawana mtu. Na ndugu wa wagonjwa walitupenda kwa hilo. Kwetu huku, ukimwacha mzee ahangaike na kijiko wakati una mikono miwili mizima, hiyo ni adabu mbaya; watu watauliza umelelewa wapi. Mabinti walikuja mchana na makapu ya ugali na samaki wa migebuka, wakaketi pembeni ya baba zao, wakawalisha tonge kwa tonge hadi sahani ikaisha. Nasi tulipita tukiwasifu. Hapakuwa na mtu mbaya mahali pale. Hilo ndilo lililofanya kosa lichelewe kuonekana.

Mzee Bukuru alikuja akitokea Katubuka, mstaafu wa reli, aliyegeuza njia za treni maisha yake yote. Aliingia wodini kwa miguu yake, kofia mkononi, akikohoa. Nimonia. Siku ya kwanza akauliza bafu liko wapi. Nikamwambia baba pumzika, nitakuletea maji hapa hapa. Akauliza choo. Nikamwekea chupa ya mkojo. Siku ya nne hakuuliza tena, na mimi nikaandika kwenye ripoti kwamba mgonjwa ametulia.

Alikaa siku kumi na tisa. Wa sindano aliona sindano zinaingia. Wa joto aliona joto linashuka. Wa chakula aliona sahani zinarudi tupu, maana binti yake alikuwa fundi wa kulisha. Mimi niliona ngozi safi isiyo na kidonda. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake cha Mzee Bukuru, na kila kipande kilikuwa kizuri. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mzee mzima, kwa hiyo hakuna aliyegundua kwamba kwa siku kumi na tisa hajasimama.

Siku ya kuruhusiwa tulimketisha ukingoni mwa kitanda, tukamwambia haya baba, nyumbani. Akaweka miguu chini, akainuka kidogo, akarudi. Akajaribu tena. Akanitazama kama mtu aliyepapasa mfuko na kukuta ufunguo haupo.

Mkewe alikuwa amesimama na mfuko wa nguo. Hakupiga kelele. Alisema, "Sista, nilimleta anatembea na anakohoa. Mnanirudishia hakohoi na hatembei. Hii ni biashara gani?"

Mimi, binti wa muuza mawese, nikampokea ule mfuko wa nguo. Alibebwa na wanaume wawili hadi kwenye gari, na miguu yake haikurudi. Baadaye nilikuwa nikipita Katubuka namwona amekalishwa mlangoni, namsalimu, naye ananipigia makofi vizuri kabisa. Mikono hatukuwa tumeifikia.

Miaka ikapita. Sista Klementina alistaafu, akaja Bwana Elias, kijana wa miaka thelathini na kitu, kalamu nne mfukoni, ametoka masomoni. Wiki ya kwanza alitazama tu. Wiki ya pili akatuambia kwamba kazi za sindano na beseni zimekwisha; kuanzia Jumatatu kila muuguzi atapewa watu, na mtu akishakuwa wako, ni wako tangu unywele hadi ukucha, mpaka siku anatoka.

Nilikuwa mtu wa kwanza kumpinga, kwa hesabu. Nikamwambia asubuhi tuko watatu na wagonjwa ni ishirini na saba. Nikahesabu tena mbele yake, tukawa bado watatu.

"Sista Yustina," akasema, "hata nikiwagawa watakuwa tisa kwa mmoja, kazi ni ile ile. Tofauti ni kwamba tisa wako wakiharibika, najua nije kwa nani."

Nilikwenda nyumbani nimenuna. Ilipoharibika miguu ya Mzee Bukuru, hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumwendea.

Nisiwadanganye kwamba ilikwenda vizuri. Mwezi wa kwanza sindano zilichelewa, wawili wetu waliomba uhamisho, na chai ya saa nne tukaanza kuinywa saa sita. Lakini nilianza kuona vitu. Ukimpa mtu dawa wewe, ukamtandikia wewe, ukampeleka choo wewe, unajua kwamba Mzee Saidi wa kitanda cha tano anaweza kufunga kifungo kwa vidole vyake lakini anangoja umfungie, kwa sababu jana ulimfungia.

Huyu Mzee Saidi alikuwa mvuvi wa Kibirizi, na ndiye aliyenirudisha barabarani kwa mama yangu. Asubuhi moja nilikuwa nimechelewa. Nikamwekea beseni mapajani nikamwambia, "Baba, wewe osha uso, mimi nitaosha mgongo."

Akaniangalia. "Uso tu? Na mikono nani ataosha?"

"Wewe, kama utapenda."

"Nikiosha mikono unanipa nini?"

Nikasikia moyo umechangamka kama wa mtu aliyeona gari linapunguza mwendo. Nikamwambia akiosha uso na mikono nitamtoa kibarazani akaone ziwa. Akasema ziwa amelitazama miaka sitini na halijabadilika, niongeze. Tukavutana. Mwishowe tukakubaliana aoshe uso, mikono, kifua na mguu mmoja, na mimi nimruhusu kunyoa ndevu kwa wembe wake mwenyewe, kitu ambacho watoto wake walimnyang'anya kwa kumwonea huruma. Alijikata sehemu mbili na alitoka pale ametakata kama bwana harusi.

Tangu siku hiyo sikumwogesha mzee yeyote bila mapatano. Si kila mtu anaweza kila kitu, wala sikumwachia mgonjwa mahututi beseni nikaenda zangu. Unaanza chini: uso. Kesho unapandisha. Akikataa unashuka kidogo, humwachii yote. Na ukishakubaliana naye kitu, usikifanye wewe hata kama anachelewa na wewe una haraka, maana siku utakayokifanya kwa haraka umekinunua, ni chako daima.

Tukatengeneza na zana. Mpini wa kijiko tuliufunga bandeji mpaka ukanenepa, kiganja dhaifu kikaushika. Kikombe kilijazwa nusu. Shuka kuukuu tulichana, tukasuka kamba yenye mafundo, tukaifunga miguuni pa kitanda ili mtu ajivute akae. Fundi wa hospitali alitoboa kiti cha plastiki kwa kisu cha moto, kikawa cha kuweka juu ya choo cha kuchuchumaa. Kabla hajatoboa nilikijaribu kwa uzito wangu, na wote mnaujua uzito wangu. Kusimama kulikuwa na hesabu yake: keti, hesabu hadi mia, simama, hesabu hadi ishirini, ndipo utembee. Kandambili nilizipiga marufuku. Nilikusanya nyingi hadi wakasema nafungua duka.

Sasa Bi Tatu.

Aliletwa kutoka Ujiji na kiharusi, mkono na mguu wa kushoto umelegea, akili nzima na ulimi mzima zaidi. Mjane, umri unakaribia themanini, aliyeishi peke yake katika nyumba aliyoachiwa na mumewe, nyumba yenye mlango unaofungukia mtaani ambako wanawake wote wakipita lazima waseme neno. Mwanawe wa pekee, Shabani, alikuwa Dar es Salaam. Mjukuu wa dada yake, msichana aitwaye Zuhura, alikuja kumtazama siku alizoweza. Akawa mgonjwa wangu.

Wiki ya kwanza hakula. Uji anaonja, ugali anasukuma, maji anagusa midomo. Daktari akaandika dawa ya kuleta hamu ya kula, akaanza kuzungumzia mpira wa kupitisha puani. Mimi nikafanya ninachojua, nikahesabu sahani. Nikakuta Jumatatu alikula mchana na Jumatano alikula mchana. Siku nyingine hakuna. Nikahesabu tena, nikauliza Jumatatu na Jumatano palikuwa na nini. Palikuwa na Zuhura, aliyekaa hadi jioni.

Nikafikiri ni mapishi. Nikamwuliza Zuhura analeta nini, akasema haleti kitu, anakula chakula hiki hiki cha hospitali. Basi nikavuta pazia, nikaketi, nikamwuliza mwenyewe.

Alikunja ncha ya shuka kwa mkono wa kulia. Kisha akasema, "Mwanangu, kinachoingia hutoka. Na kikitoka, nani ataniosha Zuhura asipokuwapo? Wewe, mtoto wa watu?"

Mkono wake wa kushoto ndio wa kujisafishia, na ndio uliolala. Wa kulia ni wa chakula na salamu; tangu utotoni haujafanya kazi ile. Alikuwa ameamua kufa njaa kuliko kunipa aibu yake. Zamani, wa sahani angeandika kwamba hali chakula, wa choo angeandika kwamba haendi choo, na wote wawili wangekuwa wamesema kweli.

Mimi ni Mkristo, sikuthubutu kumwambia la dini. Nikamwomba bi mwalimu mmoja wa madrasa ya Ujiji, rafiki yake, aje amwone. Wakaongea pazia limefungwa. Alipoondoka nikamwuliza Bi Tatu wamefikia wapi.

"Anasema mgonjwa ana udhuru, nitumie wa kulia na nisiwe na wasiwasi," akasema. "Anasema hivyo yeye mwenye mikono miwili."

Lakini mchana alikula nusu sahani. Tukaanza kazi. Birika lenye mdomo mrefu tukaliweka upande wa kulia, juu ya tofali mbili ili lifike mkononi. Kanga zilimshinda kufunga kwa mkono mmoja; nikamwambia tutazitia lastiki, akaniuliza kama namwona mtoto wa chekechea. Tukakubaliana dira, lile gauni pana la kuingilia kichwani. Na dira lina kanuni, ishikeni: mkono mgonjwa huvaa wa kwanza na kuvua wa mwisho. Ukikosea utahangaika ndani ya nguo kama kuku ndani ya gunia.

Siku niliyokuwa mapumziko, muuguzi mwenzetu mwenye huruma alimkuta anajivuta, akamwogesha, akamvisha, akamlisha. Niliporudi Bi Tatu akaniambia, "Jana nilikuwa sultani. Leo mguu umesahau." Bwana Elias akachana boksi la dripu, tukaandika mapatano tukayatundika kitandani: *Mwenyewe: kukaa, choo, uso, mikono, mguu wa kulia, kuvaa, kijiko. Sista: mgongo, mguu wa kushoto.* Yeyote atakayeingia zamu asome kwanza. Mguu wa kushoto ulibaki kwangu kwa sababu hakuweza kuinama kuufikia bila kuanguka.

Hapo ndipo Shabani alipowasili. Alimkuta mama yake ameshika ukuta wa korido, anaburuza mguu kuelekea chooni, na mimi nimesimama hatua mbili nyuma, mikono yangu haina kitu. Hakunisalimu, na mtu wa Ujiji asipokusalimu ujue amekuja na kesi.

"Nimekaa njiani siku mbili," akasema, "nakuta mama yangu anajikokota kama asiye na watu, na wewe umesimama unamtazama."

"Niko kazini," nikamwambia.

"Kutazama ndiyo kazi?"

"Ndiyo iliyo ngumu."

"Shabani," akasema mama yake bila kugeuka, "niache kwanza nifike."

Alikwenda kwa mganga mfawidhi, tukaitwa, nikaulizwa, nikaeleza. Shabani hakuwa mkorofi. Alikuwa na chumba tayari Dar es Salaam, dada wa kazi, choo cha kukaa. Nyumba ya Ujiji ingefungwa. Alitaka aondoke naye kesho yake, na kwa kweli alikuwa na haki. Bi Tatu aliposikia hakubishana. Aligeukia ukuta, na jioni sahani ikarudi imejaa.

Nikamtafuta Shabani nje, pale kwa mama muuza chai. Nikamwambia anipe wiki mbili. Akasema siku tatu. Nikasema kwa siku tatu hata uji haujapoa, anipe kumi. Tukafika saba. Sharti likawa hili: asubuhi ya siku ya saba atoke kitandani, aende choo, ajisafishe, atawadhe, avae, ale, bila mkono wa mtu kumgusa. Akishindwa, safari ya Dar es Salaam, nami nitamfungia mizigo. Akiweza, anarudi kwake. Tulipompelekea habari, Bi Tatu akaongeza sharti lake: Shabani asimame mlangoni, mikono nyuma, na asilie, maana akilia yeye ataanguka.

Siku saba zile sijawahi kufanya kazi ngumu kiasi kile kwa kutofanya kitu. Alianguka juu ya kitanda mara nyingi, sakafuni hakuanguka. Alinitukana mara mbili, mara moja kwa Kiswahili safi cha pwani.

Asubuhi yenyewe aliamka kabla sijafika. Akajivuta kwa kamba, akaketi, akahesabu hadi mia kwa sauti ili mwanawe asikie. Nilihesabu hatua: kumi na tisa kwenda, ishirini na tatu kurudi, zile nne zilizozidi sikumwuliza. Katikati ya korido alisimama, bega ukutani, goti la kushoto likatetemeka. Niliona mikono ya Shabani imetoka mgongoni. Nikamtazama. Akairudisha.

Mlango wa choo ukafungwa. Tukasikia maji. Akatoka. Akaketi kwenye kiti, akavuta birika, akaanza kutawadha: kiganja, kinywa, pua, uso, mikono, kila kitu mara tatu. Mimi nahesabu mara mbili. Nikajua nimepata aliyenizidi. Akapaka maji kichwani. Akaosha mguu wa kulia. Kisha akakaa akautazama wa kushoto.

"Hapo ameshindwa," Shabani akasema, polepole. Hakusema kwa furaha.

"Sijashindwa," akasema mama yake. "Huo ni wa Sista. Tumeandikiana, nenda kasome."

Shabani akaenda kitandani, akasoma lile boksi kama mtu anayesoma hati ya kiwanja. Akarudi. "Na Ujiji huo mguu ataosha nani?"

"Zuhura. Huo mmoja tu. Vingine vyangu."

Akasimama pale kwa muda. Mama yangu alinifundisha kwamba mteja anapofikiri, usimsaidie. Mwishowe akapiga magoti kwenye maji yaliyomwagika, na suruali yake nzuri ya Dar es Salaam.

"Basi leo nitauosha mimi," akasema.

Aliuosha mara tatu, na alilia, na mama yake hakuanguka.

Kuvaa na kula alimaliza mwenyewe, na siku mbili baadaye Bi Tatu alirudi Ujiji, na boksi lake akalichukua. Aliishi katika nyumba ile mvua nne, nimezihesabu. Asubuhi zote hizo alijivalia dira, mkono mgonjwa kwanza. Nilipopita kumjulia hali nilimkuta ameketi mlangoni, kila mwanamke anayepita anatoa neno na kupewa neno. Katika miaka yangu yote ya kazi, nikitakiwa kutaja kitu kimoja cha kujivunia, nitataja mlango ule uliokuwa wazi.

Mvua ya tano haikumkuta. Alikwenda mwenyewe kuchota kopo la maji kwenye pipa la uani, Zuhura hajafika, akateleza. Nyonga. Alikaa kwetu siku chache, akafariki.

Nilikwenda msibani. Shabani alikuja akakaa karibu nami kwenye mkeka. Alinisalimu, shikamoo kamili. Kisha akasema, bila ubaya wowote, "Sista, kwangu maji yako ndani. Asingeanguka."

Nikamwambia pole.

"Pole nimepokea," akasema. "Nauliza tu. Tulifanya vizuri?"

Watu wakaja kutoa mkono wa pole, akainuka. Siku hizi amehamia katika nyumba ile, mimi nimestaafu, na karibu kila wiki tunakutana sokoni Mwanga. Ananisalimu, ananiulizia wajukuu, kisha ananyamaza kidogo kabla hajaondoka, na ninajua anachongoja. Mimi najua tulifanya vizuri. Nimelihesabu hilo mara mbili na jibu ni lile lile. Lakini jibu langu ni la muuguzi, na yeye ameuliza kama mtoto aliyefiwa, na sijui neno linalotoka kwangu likafika kwake bila kumwumiza.

Ninyi bado mnao wazee wenu tisa tisa, mnakaa na watoto wao kila mchana zaidi ya nilivyokaa mimi. Nisaidieni. Mngemwambia nini?